Vita Baridi: uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti ulianzia wapi

Vita Baridi ni jina la uhasama uliodumu zaidi ya miaka 40 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, kila mmoja akiwa na kundi la nchi nyuma yake. Ulianza punde baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na ukamalizika Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwishoni mwa 1991. Mataifa hayo mawili hayakuwahi kutangaziana vita. Yalishindana kwa kurundika silaha, kwa fedha, ujasusi na propaganda, na kwa vita vilivyopiganwa katika ardhi ya watu wengine, Korea, Vietnam na Angola zikiwa miongoni mwao, ambako watu walikufa kwa mamilioni.

Tukiulizwa chanzo chake, wengi wetu hujibu kama tulivyofundishwa shuleni: Marekani ilifuata ubepari, Wasovieti wakafuata ukomunisti, na fahali wawili hawakai zizi moja. Jibu hilo si la uongo, ila linaacha swali kubwa bila kuguswa. Itikadi hizo mbili zilikuwapo pamoja duniani tangu 1917. Zilichukiana, lakini ziliishi, na kuanzia 1941 wenyewe walipigana bega kwa bega dhidi ya Hitler. Kwa nini basi walifarakana kabisa kati ya 1945 na 1948, na si kabla ya hapo? Naamini jibu limo zaidi katika hofu ya kuvamiwa tena na katika suala la Ujerumani kuliko katika maandishi ya Karl Marx, mwasisi wa fikra za kikomunisti.

Kutoaminiana kulikuwapo tangu zamani. Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, walipochukua madaraka mwaka 1917, Uingereza, Ufaransa, Marekani na Japani zilipeleka askari Urusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadhi yao wakatia nanga Arkhangelsk na Vladivostok. Wamarekani wengi walisahau jambo hilo, Wasovieti hawakulisahau. Marekani ilikaa hadi 1933 ndipo ikaitambua serikali ya Moscow. Nchi za Magharibi nazo zilikuwa na kinyongo chao: Agosti 1939 Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alitia saini mkataba wa kutoshambuliana na Hitler, na ndani ya mwezi mmoja wawili hao walikuwa wamegawana Poland. Hitler alipouvunja mkataba huo na kuivamia nchi ya Stalin tarehe 22 Juni 1941, Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, na Roosevelt, rais wa Marekani, walimkumbatia Stalin kwa sababu walimhitaji, naye aliwahitaji. Undugu haukuwapo.

Ili kuelewa kilichofuata, inabidi kutazama hali ya kila mmoja vita vilipokwisha. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27, raia na askari. Miji ya magharibi mwa nchi ilikuwa vifusi, na 1946 njaa ikaingia. Marekani ilipoteza watu zaidi kidogo ya 400,000, karibu wote askari, na viwanda vyake havikuguswa na bomu. Vita viliutajirisha uchumi wake hadi ukatoa karibu nusu ya bidhaa zote za viwandani duniani. Kwa muda mrefu Stalin aliwasihi wenzake wafungue uwanja wa pili wa mapambano huko Ufaransa ili kumpunguzia mzigo. Alipewa matumaini kwamba ungefunguliwa 1942, ukaja kufunguliwa Juni 1944. Akilini mwake ucheleweshaji ule ulikuwa na maana moja: wanatuacha tufe.

Hapo ndipo Poland inapoingia. Wajerumani walipita Poland kuivamia nchi yake, na Stalin aliapa kwamba nchi hiyo haitatawaliwa tena na serikali isiyomtii. Kwake hilo lilikuwa suala la usalama, kwisha. Lakini Uingereza iliingia vitani 1939 kwa ajili ya Poland hiyohiyo, na Roosevelt alikuwa na wapiga kura wengi wenye asili ya huko. Viongozi hao watatu walipokutana Yalta, Februari 1945, waliandika tamko lililoahidi uchaguzi huru katika nchi zilizokombolewa. Kila mmoja alilisoma kwa macho yake. Roosevelt alidhani amepata ahadi. Stalin, ambaye Jeshi lake Jekundu lilikuwa limeshaikalia Poland, aliona amepewa karatasi ya kuwapoza raia wa Marekani.

Alikuwa na sababu ya kuona hivyo. Oktoba 1944, Churchill alipokwenda Moscow, aliandika kwenye kipande cha karatasi asilimia za ushawishi wa kila upande: Romania asilimia 90 kwa Warusi, Ugiriki asilimia 90 kwa Uingereza, Yugoslavia na Hungaria nusu kwa nusu. Stalin akaweka alama ya vema kwa penseli ya buluu. Watu wa nchi hizo hawakuulizwa. Nalitaja kwa sababu simulizi nyingi za Vita Baridi humwonyesha mmoja tu kuwa ndiye aliyegawa nchi za wenzake kama mali ya urithi.

Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945. Harry Truman, aliyemrithi, hakuwa amehusishwa na siri za mazungumzo ya wakubwa hao, na alipenda kuonekana mkali. Tarehe 16 Julai Marekani ilijaribu bomu la atomiki katika jangwa la New Mexico, na siku iliyofuata mkutano wa Potsdam ukaanza. Tarehe 24 Truman alimdokezea Stalin kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin hakushtuka, maana majasusi wake walikuwa wamempa habari za mradi huo. Lakini Hiroshima na Nagasaki zilipoteketezwa mwezi uliofuata, aliamuru bomu la Kisovieti litengenezwe haraka, na kazi hiyo akamkabidhi Beria, mkuu wa vyombo vyake vya usalama.

Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, kwenye eneo ambalo lugha ya migodini ilikuwa Kiswahili. Zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zilifikishwa New York mapema, tangu 1940. Wachimbaji walioyatoa ardhini hawakuambiwa ni ya nini. Hofu ya Marekani kwamba Katanga inaweza kuangukia mikononi mwa Moscow ilianzia hapo, miaka mingi kabla ya kuuawa kwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Januari 1961.

Mwaka 1946 maneno yalikuwa makali kuliko vitendo. Februari, George Kennan, mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Moscow, alituma nyumbani simu ndefu ya maandishi akieleza kwamba utawala wa Kisovieti hautaamini kamwe uwezekano wa kuishi kwa amani na Magharibi, ila hurudi nyuma ukikutana na nguvu imara. Machi, Churchill akiwa Fulton, Missouri, alitangaza kwamba pazia la chuma limeshuka kukatiza bara la Ulaya. Mwezi huohuo Wasovieti walikuwa bado wamegoma kuondoa askari wao kaskazini mwa Iran, ingawa muda waliokubaliana ulikuwa umepita. Waliondoka Mei baada ya kubanwa, na Washington ikaona kwamba Kennan amesema kweli.

Mwaka ulioamua mambo, kwa maoni yangu, ni 1947. Februari Uingereza, iliyofilisiwa na vita, iliiarifu Marekani kwamba haiwezi tena kuisaidia serikali ya Ugiriki, iliyokuwa ikipigana na wapiganaji wa kikomunisti, wala Uturuki. Tarehe 12 Machi Truman aliliomba Bunge dola milioni 400 kwa ajili ya nchi hizo mbili. Ila hakuishia kwenye Ugiriki na Uturuki. Alisema Marekani lazima iwaunge mkono watu huru wanaopinga kutiishwa kwa nguvu. Hii ndiyo Kanuni ya Truman, na uzito wake umo katika kutowekewa mipaka. Suala la bandari na mipaka ya nchi mbili likawa suala la dunia nzima. Aliyekuwa akiwasaidia zaidi wakomunisti wa Ugiriki, kwa kweli, alikuwa Tito, kiongozi wa Yugoslavia. Stalin alikuwa akiiheshimu ile karatasi ya Churchill.

Kisha ukaja Mpango wa Marshall. Baridi ya 1946–47 iliikamata Ulaya ikiwa haina makaa ya mawe wala chakula cha kutosha. Katika uchaguzi wa Novemba 1946 chama cha kikomunisti cha Ufaransa kilikuwa kimepata zaidi ya robo ya kura, na Washington ilihofia kwamba njaa itafanya kazi ambayo Jeshi Jekundu halikuifanya. Tarehe 5 Juni 1947, waziri wa mambo ya nje George Marshall alitangaza kwamba Marekani iko tayari kuzisaidia nchi za Ulaya kujijenga upya, na Wasovieti hawakufungiwa mlango. Hatimaye nchi zilizojiunga zilipokea takriban dola bilioni 13.

Stalin hakuukataa mpango huo papo hapo. Alimpeleka Molotov, waziri wake wa mambo ya nje, Paris na msafara mkubwa wa washauri, dalili kwamba alitamani kujua kuna nini. Walichokikuta hakikumpendeza: kila nchi ingetakiwa kuweka wazi hesabu zake za uchumi, mipango ingefanywa kwa pamoja, na Ujerumani ingefufuliwa kama sehemu ya mpango huo. Molotov aliondoka mkutanoni tarehe 2 Julai. Chekoslovakia, ambayo serikali yake ilichanganya wakomunisti na wasio wakomunisti, ilikuwa imekubali mwaliko. Viongozi wake waliitwa Moscow, na tarehe 10 Julai ukubali huo ukafutwa. Inasimuliwa kwamba Jan Masaryk, waziri wa mambo ya nje, alisema alikwenda Moscow akiwa waziri wa nchi huru na kurudi akiwa kibaraka. Februari 1948 wakomunisti walitwaa madaraka yote Prague, na Machi maiti ya Masaryk ikakutwa uani, chini ya dirisha la makazi yake.

Kabla ya siku zile za Julai, nchi kama Chekoslovakia bado ilikuwa na nafasi ya kusimama katikati. Baada yake nafasi hiyo ilitoweka. Marekani iliamini inaponya uchumi na kuziba mwanya wa ukomunisti, Stalin akaona dola zinatumwa kumnyang'anya ukanda wa usalama alioulipia kwa damu ya mamilioni. Siwezi kuhesabu hofu zao kuwa na uzito sawa, kwa maana upande mmoja ulitoa mikopo na misaada na mwingine ukafunga watu na kuchakachua kura, kama Poland Januari 1947. Lakini zote mbili zilikuwa hofu za kweli.

Iliyobaki ilikuwa Ujerumani yenyewe, iliyogawanywa kanda nne za Marekani, Uingereza, Ufaransa na Wasovieti. Moscow ilitaka fidia: Yalta ilikuwa imetaja dola bilioni 10 kwa upande wake. Ikang'oa mitambo ya viwanda katika ukanda wake na kuisafirisha nyumbani. Wamarekani na Waingereza waliona upuuzi kuchukua fidia kwa Wajerumani huku walipa kodi wao wakiwalisha Wajerumani haohao. Mei 1946 jenerali Clay wa Marekani alisimamisha fidia kutoka ukanda wa Marekani, na Januari 1947 kanda za Marekani na Uingereza zikaunganishwa kiuchumi. Juni 1948 kanda za magharibi zikatoa sarafu mpya, na kwa Stalin hiyo ilikuwa ishara kwamba Ujerumani nyingine inazaliwa, yenye nguvu na nje ya mikono yake. Alijibu kwa kufunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyoshikwa na nchi za Magharibi, yenye watu zaidi ya milioni 2 na iliyozungukwa na ukanda wake.

Mzingiro huo ulidumu kuanzia 24 Juni 1948 hadi 12 Mei 1949. Ndege za Marekani na Uingereza ziliruka zaidi ya mara 270,000 kupeleka tani milioni 2.3 za mizigo, nyingi zikiwa za makaa ya mawe. Stalin hakuzidungua. Wala Truman hakuamuru vifaru vivunje vizuizi. Walipimana nguvu bila kufyatua risasi, na mtindo huo wakaendelea nao kwa miaka mingi.

Mambo mengine yalifuatana kwa kasi. Aprili 1949 nchi 12 zilianzisha NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi. Mei ikazaliwa Ujerumani Magharibi, Oktoba Ujerumani Mashariki. Agosti 29 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la atomiki, na tarehe 1 Oktoba Mao akatangaza Jamhuri ya Watu wa China. Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, Marekani ilipandisha bajeti ya ulinzi maradufu na zaidi, na ushindani ulioanzia kwenye fidia na makaa ya mawe ukavaa magwanda.

Mgawanyiko wa Ujerumani ulifika hadi kwetu. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki, ambayo baadaye ilisaidia kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni. Ujerumani Magharibi haikuvumilia nchi yoyote iliyompa mpinzani wake hadhi hiyo. Muungano na Tanganyika ulipofanyika Aprili mwaka huo, Dar es Salaam ikajikuta imebanwa na Wajerumani wa pande zote mbili. Nyerere alipendekeza Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu, bila kutambuliwa rasmi. Ujerumani Magharibi ikajibu mwaka 1965 kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi, na Nyerere akaiambia iondoe na misaada yake mingine yote.