Gazeti la Wagiriki wa New York Halikuwa Gundi

Kila nikisema kazi yangu ni magazeti ya wahamiaji, hakosi mtu wa kunijibu: "Ah, yale yaliyowaunganisha watu ugenini!" Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii ni mwenzangu wa fani. Haya, twende New York kwa Wagiriki.

Solon Vlasto alianzisha gazeti la Atlantis mwaka 1894, kwanza la wiki, baadaye la kila siku. Miaka ishirini ya mwanzo naipita mbio.

Machi 1915, kule Athens, Waziri Mkuu wa Ugiriki Eleftherios Venizelos anajiuzulu. Alitaka nchi iingie Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Uingereza na Ufaransa. Mfalme Constantine, ambaye mkewe Sophia alikuwa dada yake Kaisari wa Ujerumani, hakutaka. Mwezi haukuisha: tarehe 2 Aprili, New York, likatoka toleo la kwanza la Ethnikos Kyrix, yaani National Herald, la Petros Tatanis. Atlantis lilimshika mfalme, Kyrix likamshika Venizelos, na mhamiaji aliyenunua moja alikuwa ameshajitangaza yuko kambi gani. Huo ndio muungano wenyewe!

Na asiniambie mtu kwamba hizo zilikuwa siasa za mbali. Venizelos alipoanguka kwenye uchaguzi wa 1920 na mfalme akarudi, Meletios Metaxakis, askofu mkuu wa Athens aliyekuwa wa upande wa Venizelos, aliondolewa kitini. Akaja Marekani kupanga kanisa la Wagiriki huko. Wafuasi wa mfalme wakamkataa, wakawa na maaskofu wao. Waumini wa dhehebu moja, wenye liturujia ileile, wakagawana makanisa kwa sababu ya Athens. Hadi 1931 ndipo alipofika askofu mkuu mpya, Athenagoras, akiwa na kazi ya kuwapatanisha.

Sasa, magazeti ndiyo yaliyowapasua? Hapa vitabu hujibu haraka kuliko ninavyothubutu. Siku nyingine nikisoma tahariri za miaka ile naona petroli ikimwagwa motoni kwa makusudi. Siku nyingine naona wafanyabiashara wanaomwandikia msomaji anachotaka kusikia. Ushahidi wetu mwingi umetoka jikoni kwao wenyewe: tahariri, barua alizozichagua mhariri, na idadi ya nakala ambayo mwenye gazeti aliitangaza ili auze matangazo. Ongeza sheria ya Marekani ya Oktoba 1917, iliyotaka magazeti ya lugha za kigeni yapeleke posta tafsiri ya walichoandika kuhusu vita, isipokuwa yenye kibali. Gazeti la mfalme mwenye shemeji Kaisari, likiandika kwa upole miezi hiyo, limebadili msimamo au linaogopa kufungiwa? Mtu anayenukuu ukurasa wa 1918 bila kujiuliza hivyo, mimi simsomi zaidi.

Kyrix lingali linachapishwa. Atlantis lilifungwa 1973, mwaka uleule ambao utawala wa kijeshi kule Athens ulitangaza kuufuta ufalme. Najua mkono unakuwasha kuandika kwamba gazeti lilikufa pamoja na mfalme wake. Usiandike. Lilifungwa wakati wafanyakazi wake wamegoma.