"Mimi" wa kwenye shairi si lazima awe mshairi

Kijana wa kidato cha tatu hapa Kisumu alinionyesha karatasi yake ya ushairi. Swali: nafsineni (yaani anayesema ndani ya shairi) ni nani? Jibu lake: "Ni mshairi." Sufuri, kwa wino mwekundu. Alinuna; kwani si mshairi aliyeandika?

Kuandika ameandika, lakini anayesema ndani ya shairi ni mwingine. Ubeti wa kwanza ulisema "nilikubeba tumboni miezi tisa", na mtunzi ni mwanamume. Nafsineni hapo ni mama mzazi, na ushahidi ni hilo neno "tumboni". Lidondoe kwenye jibu lako, usiishie kutaja "mama" tu.

Nyimbo ndizo hutuchanganya zaidi. Matatu ya Kondele ikipiga benga, muziki wa gitaa wa Waluo, wimbo wa mume aliyeachwa, abiria watakuapia kwamba mwimbaji kaachwa kweli. Huenda yuko nyumbani anakula samaki na mkewe! Ila majina anayoyataja gitaa likishika kasi usiyapuuze: mara nyingi hao ni watu halisi, marafiki na wafadhili wanaosifiwa. Ni desturi iliyo jirani na pakruok ya Waluo, ambapo mtu hutoa pesa, muziki ukasimama kidogo, naye akajisifu mbele ya watu.