Biashara haimo kwenye damu

Hapa Moshi utasikia kila siku: biashara iko kwenye damu, haifundishwi darasani. Mzazi akimpeleka mwanawe chuo cha ufundi anataka ashike mashine ya kuchomelea, basi. Kipindi cha ujasiriamali anakiona ni kupoteza muda.

Historia ya mlima wenyewe inasema vingine. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima hao. Kupima mzigo, kutunza hesabu, kuuza kwa pamoja: hayo watu walijifunza, tena kwa miaka. Tunachokiita damu ni mafunzo ya nyumbani yasiyo na cheti. Kipaji kinasaidia, sikatai.

Mtazame mwanafunzi anayetengeneza geti lake la kwanza. Anajumlisha bei ya mabomba na bati, anaongeza kidogo, anamtajia mteja. Amesahau vijiti vya kuchomelea, diski za kukatia, rangi, umeme, usafiri, na siku zake tatu. Geti zuri, hasara tupu! Mwalimu akimkalisha na daftari wakaandika kila kitu mstari kwa mstari, geti la pili linamlipa. Damu ni ileile.

Ubunifu nao si kuvumbua kitu ambacho dunia haijawahi kukiona. Ni kumuuliza mama lishe wa pale stendi jiko lake linamsumbua wapi, kulirekebisha, kumrudishia, kisha kwenda tena wiki inayofuata kumsikiliza.