Siku 90 za kuizuia pesa ya magenge

Jina la Akasha, familia ya Mombasa iliyofanya biashara ya dawa za kulevya, likitajwa, wengi hukumbuka ndugu wawili walivyopelekwa Marekani Januari 2017, kisha vifungo: Baktash miaka 25, nduguye Ibrahim miaka 23. Sisi tunaofuatilia pesa huuliza jambo jingine kwanza: mali iko wapi, na imeandikwa kwa jina la nani? Genge la dawa za kulevya halikosi mtu wa kushika nafasi ya aliyefungwa. Mtaji ukitwaliwa ndipo linapoumia kweli.

Sheria ya Kenya ya 2009 dhidi ya utakatishaji fedha inaruhusu mali itwaliwe kwa kesi ya madai hata kama hakuna aliyehukumiwa. Mamlaka ya Kurejesha Mali (ARA) huenda Mahakama Kuu, Milimani, Nairobi, kuomba amri ya kuizuia mali. Mwenyewe haitwi, maana ukimwarifu saa nne, saa tano akaunti haina kitu. Ilani hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku 21, na tangu siku ya tangazo amri hudumu siku 90. Ombi la kutwaa lisipowasilishwa katika muda huo, amri inakufa na pesa ziko huru.

Siku hizo huisha upesi sana. Amri huzuia kile tu ilichokitaja: nambari ya akaunti, nambari ya usajili ya gari, nambari ya hatimiliki. Ukizuia akaunti ya kwanza ilhali pesa zilishahamia ya tatu, umezuia kopo tupu. Kwa hiyo kazi ya taarifa za benki huanza kabla ya kwenda kortini.

Ninachotafuta humo ni mpangilio. Benki hulazimika kuripoti pesa taslimu za kuanzia dola 15,000, basi utaona kiasi kidogo chini ya hapo kikiwekwa katika matawi matatu siku hiyo hiyo, kisha zote zinahamishiwa kampuni ya kuagiza magari. Kampuni yenyewe haina mishahara inayolipa, haina yadi, haina hata karatasi moja ya forodha. Hilo la forodha lina uzito kuliko mambo mengine yote, kwa sababu anayedai faida ya magari hawezi kueleza yaliingiaje nchini. Jaji hadai uthibitisho usio na shaka yoyote kama katika jinai. Anapima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi.

Rekodi za simu na kompyuta zinahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza jinsi rekodi hizo zilivyotolewa. Inauma kuona kazi nzuri ikitupwa kwa kukosa ukurasa mmoja.

Pesa zikishavuka mpaka, ugumu huongezeka. Habari za Interpol husaidia upelelezi, lakini rekodi za benki ya ng'ambo za kutumika kortini huombwa rasmi chini ya sheria ya 2011 ya kusaidiana kisheria. Barua inayosema “tupeni mali yote ya fulani” hurudishwa. Inayojibiwa hutaja kosa, kifungu chake, akaunti, tarehe za miamala, na jinsi akaunti hiyo inavyoungana na kosa. Majibu huweza kuchukua miezi, nazo siku 90 hazimsubiri mtu. Barua hiyo iandikwe wiki ile ile ombi la Milimani linapoandaliwa, na kesi ya kutwaa ijengwe kwanza juu ya ushahidi uliopo hapa nyumbani.