Bodi ya gari la rimoti: ijue plastiki kabla ya kushika rangi

Wateja wanaoniletea magari ya rimoti ya zamani hapa Ng'ambo, Tabora, huanza na swali lilelile: "Fundi, rangi yake utaipata?" Rangi si tatizo. Mji huu una mafundi wanaoweza kuchanganya rangi ya Toyota yoyote ukiwapa mfuniko wa tenki tu wautazame. Tatizo ni thina. Fundi aliyekulia kwenye bati akipewa bodi ya plastiki hufanya alivyozoea: anachovya kitambaa kwenye thina, anafuta rangi ya zamani, na kabla hajamaliza upande mmoja plastiki imeshaanza kunata vidoleni. Bati ukilikosea unalipiga nyundo tena. Plastiki ukishaiyeyusha, basi.

Magari haya wengi waliletewa na ndugu waliokuwa nje, mengine yalikuja na mitumba. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934. Miaka ya themanini yakaja yale ambayo watu wazima wenye vipara wanayaulizia hadi leo: Grasshopper mwaka 1984, na mwaka 1987 Lunch Box, lile lenye umbo la kipanya, basi dogo la abiria, kilichofungwa matairi makubwa. Hayo mawili bodi zake ni za plastiki ngumu. Mengi ya mashindano yana bodi nyembamba ya polikaboneti, angavu kama kioo, ambayo hupakwa rangi kwa ndani ili likibiringika mavumbini mikwaruzo ibaki nje na rangi isiguswe.

Polikaboneti utaijua bila shida. Ibonyeze kidogo, inarudi. Chungulia ndani, rangi iko huko. Zinazochanganya ni hizi ngumu. Mimi hukwangua kachembe mahali pasipoonekana, upande wa ndani karibu na bampa, nikakatumbukiza kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kakielea, hiyo ni polipropilini au jamaa yake, na gundi za kawaida hazitaishika wala rangi haitakaa bila praima (rangi ya msingi) yake maalumu. Wenye hizo huwashauri waioshe tu. Kakizama, naweka tone dogo la asetoni, kiyeyushi kikali, palepale ndani. Pakinata, ni ABS au polistaireni, plastiki ngumu za kawaida, na kazi inawezekana. Jaribio hili la asetoni usilifanye kwenye polikaboneti: inapauka na kupasuka vijiufa.

Kuondoa rangi ya zamani natumia spiriti ya duka la dawa na mswaki, taratibu, nikisuuza kila mara. Rangi ngumu za mafuta hazisikii spiriti; hapo baadhi yetu hutumia oili ya breki. Inafanya kazi, ila kwenye ABS ikikaa muda mrefu inaila plastiki yenyewe, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni, vaa glovu, na usiiloweke ukaenda kulala. Mara nyingi wala siondoi rangi yote. Kama imeshika vizuri, msasa wa maji namba 600 unatosha kuikwaruza ili mpya ipate pa kung'ang'ania.

Nyufa ndiko uliko ufundi. Kabla ya gundi, tafuta mwisho wa ufa, palipo na uzi mwembamba kabisa, utoboe tundu la milimita mbili hivi. Bila tundu hilo ufa utaendelea kutembea chini ya rangi yako mpya. Kwa ABS sinunui gundi. Nakata vipande vya plastiki ya aina hiyohiyo (matofali ya kuchezea ya Lego yaliyovunjika, yasiyo angavu, yanafaa sana, mengi ni ABS), navitia kwenye kichupa cha kioo pamoja na asetoni, nafunika hadi kesho yake vinakuwa uji mzito. Uji huo naupaka kwa ndani, nalaza kipande cha chandarua, napaka tena juu yake. Asetoni ikiruka, kilichobaki ni plastiki iliyoungana na bodi, si gundi iliyobandikwa juu. Uache siku kadhaa. Juu hukauka upesi, ndani bado laini.

Polikaboneti haitaki mambo hayo. Kwake ni chandarua na gundi ya viatu, ile inayobaki kama mpira, kwa sababu bodi ile imeumbwa kunepa. Supaglu hukauka ngumu ikapasuka pembeni ya ufa uleule.

Matundu ya juu, yanapopita pini za kufungia bodi, karibu kila gari la zamani yamechanika. Bandika washa (kiduara chenye tundu) nyembamba ya plastiki kwa ndani, yamekwisha.

Bodi nyeupe iliyogeuka njano haihitaji rangi. Paka haidrojeni peroksaidi ya krimu, ile ya saluni ya kubadilishia rangi ya nywele, ifunike kwa nailoni, iweke juani na uigeuze kila baada ya muda ili isitoke mabaka. Jua la Tabora mwezi wa nane halina mpinzani kwa kazi hii. Weupe unarudi, ingawa miaka ikipita njano inaweza kurejea, na plastiki iliyokuwa imekauka haipati nguvu mpya.

Kupuliza rangi hapa kwetu kuna adui wawili wanaopokezana. Kiangazi ni vumbi: napuliza alfajiri kabla upepo haujaamka, sakafu imenyunyiziwa maji. Masika ni unyevu: rangi ya kopo ikipulizwa hewa ikiwa nzito hupauka, ikatoka na ukungu mweupe. Subiri mvua ipite na hewa ikauke. Kwa plastiki ngumu, rangi za Tamiya ni za alama TS. Za polikaboneti ni PS. Ukipaka TS kwenye polikaboneti inapukutika gari likigonga mara ya kwanza. Polikaboneti, kwa kuwa hupakwa kwa ndani, kila kitu ni kinyume: anza na mistari na rangi nyeusi, malizia na nyeupe au fedha nyuma yake.

Stika za zamani zipige picha na kuzipima kabla hujagusa chochote, wenye mashine za stika mjini watazichapa upya. Wakati wa kubandika, lowesha bodi kwa maji ya sabuni kidogo ili stika iteleze uipange, kisha sukuma maji nje kwa kadi ya simu ya zamani, ukianzia katikati kwenda pembeni.