Fungu Dogo la Bajeti: Wahadhiri wa Elimu Maalumu Wanavyojipanga Kwenda Washington

Mwaka 1958, miaka 17 kabla sheria ya taifa haijampa kila mtoto mwenye ulemavu nchini Marekani haki ya kusoma shule ya umma, serikali kuu ilianza kulipia mafunzo ya watu watakaowafundisha walimu wa watoto hao. Rais Eisenhower alitia saini sheria nambari 85-926, na fedha zikaenda vyuo vikuu kuandaa wakufunzi wa walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1963 Rais Kennedy akaipanua iguse ulemavu wa aina nyingine. Haki ya mtoto mwenyewe ilikuja baada ya wazazi kwenda mahakamani Pennsylvania na Washington DC mapema miaka ya 1970, kisha Rais Ford akatia saini sheria ya 94-142 tarehe 29 Novemba 1975. Tangu 1990 sheria hiyo inaitwa IDEA, yaani Sheria ya Elimu kwa Watu Wenye Ulemavu.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu ndiyo inayoeleza kazi yangu. Nafundisha walimu wa elimu maalumu katika chuo kikuu cha umma huku Marekani, na ndugu zangu huniuliza mwalimu wa walimu anakwenda kutafuta nini bungeni. Natafuta fedha za kuandaa walimu. Mtoto anaweza kuwa na haki zote kwenye makaratasi, lakini Jumatatu asubuhi anahitaji mtu darasani anayejua kumfundisha kusoma.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Bunge la Marekani hutunga sheria kwa mkono mmoja na kutoa fedha kwa mkono mwingine. Kamati moja huandika kwamba programu fulani iwepo. Kamati nyingine kabisa, ile ya mgao wa fedha, huamua kila mwaka programu hiyo ipate shilingi ngapi, na inaweza kuamua isipate kitu. IDEA ni mfano mzuri, na unaumiza. Sheria inaruhusu serikali kuu kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya taifa ya kumsomesha mwanafunzi mmoja, kwa kila mtoto mwenye ulemavu. Miaka ya karibuni mchango huo umekuwa chini ya asilimia 15. Kinachobaki hubebwa na majimbo na halmashauri za shule. Miswada ya kuitimiza ahadi hiyo hupelekwa bungeni bunge baada ya bunge, na bado haijapita.

Ndani ya IDEA kuna mafungu kadhaa. Kubwa ni la Sehemu B, takriban dola bilioni 14 kwa mwaka, zinazokwenda majimboni kwa ajili ya wanafunzi wapatao milioni 7.5, yaani asilimia 15 hivi ya wanafunzi wote wa shule za umma. Fungu hilo lina watetezi wengi: wakuu wa wilaya za shule, magavana, vyama vya walimu, wazazi. Mbunge akiligusa, simu zinaita kila kona ya jimbo lake.

Sehemu D ni ndogo. Humo ndimo kuna fedha za kuandaa walimu, wataalamu na wahadhiri, dola milioni 115 katika mwaka wa fedha 2024. Fedha hizo hazifiki asilimia moja ya Sehemu B. Mzazi hawezi kuiona fedha hii, kwa sababu haimfikii mtoto moja kwa moja. Humlipia ada mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, ambaye kwa kila mwaka aliolipiwa anadaiwa miaka miwili ya kazi katika elimu maalumu. Asipoifanya, anarudisha fedha. Mwenye uzamivu anakuwa mhadhiri, mhadhiri anaandaa walimu mwaka hadi mwaka, na walimu hao ndio wanaofika kwa watoto. Mlolongo ni mrefu, na ukikatika juu, pengo huonekana darasani baada ya miaka mingi, wakati waliokata fedha wameshatoka madarakani. Ndiyo maana sisi wahadhiri tusipolitetea fungu hili, sioni nani mwingine atakayelitetea.

Tunajipanga kupitia vyama. Kikubwa na kikongwe ni Council for Exceptional Children (CEC), chama cha wataalamu wa elimu maalumu kilichoanzishwa 1922, ambacho kina kitengo cha waandaaji wa walimu kinachojulikana kama TED. Pembeni yake kuna HECSE, umoja wa vyuo vikuu vinavyotoa uzamivu wa elimu maalumu. HECSE hukusanyika Washington mwanzoni mwa mwaka, na mwezi Julai CEC huwaleta wanachama wake pamoja na wasimamizi wa elimu maalumu wa wilaya. Ada za uanachama huwalipa wataalamu wa siasa za bajeti, watu wanaojua ni mbunge gani yumo kwenye kamati ndogo ya Kazi, Afya na Elimu, na nani anakaribia kustaafu.

Kalenda ndiyo inayotuongoza. Mwaka wa fedha huanza 1 Oktoba. Rais anatakiwa kupeleka mapendekezo yake Jumatatu ya kwanza ya Februari, ingawa mara nyingi huchelewa. Halafu kila mbunge hupokea maombi ya mgao kwa muda mfupi tu, hasa majira ya kuchipua. Ukifika baada ya dirisha hilo, utakaribishwa kwa adabu na kusikilizwa, lakini namba zimeshaandikwa.

Siku ya kabla ya kwenda bungeni ni ya mazoezi, nami naiona muhimu kuliko siku yenyewe. Profesa amezoea dakika hamsini za mhadhara. Ofisi ya mbunge itampa dakika ishirini, wakati mwingine akiwa amesimama kwenye korido, na anayemsikiliza ni msaidizi kijana anayeshughulikia elimu, afya na mambo mengine matatu. Kwa hiyo tunafundishana kuanza na jimbo: natoka chuo fulani, wilaya fulani, wahitimu wetu wanafundisha shule hizi. Kisha ombi moja lenye jina la fungu na kiasi cha fedha. Karatasi ya ukurasa mmoja inabaki mezani.

Niliwahi kuingia ofisi moja pamoja na mwanafunzi wangu wa uzamivu, mwalimu wa zamani wa watoto viziwi kijijini. Nilikuwa na takwimu zangu tayari. Msaidizi akamgeukia yeye na kumuuliza kwa nini aliacha darasa. Akajibu kwamba wilaya yake ilitangaza nafasi ya mwalimu wa viziwi na hakuna hata mmoja aliyeomba, kwa kuwa chuo cha karibu kilikuwa kimefunga programu hiyo baada ya kukosa mhadhiri. Anasoma ili arudi kuifungua. Yule kijana aliacha kutazama simu, akaandika, kisha akauliza jina la wilaya. Takwimu zangu zilibaki kwenye ile karatasi. Tangu hapo siendi bila mwanafunzi, na yeye ndiye anayeanza kuzungumza.

Kuna mipaka ya kisheria, na wenzangu wapya huiogopa kupita kiasi. Fedha za ruzuku ya serikali kuu haziruhusiwi kutumika kwa ushawishi wa kisiasa, na vyuo vya umma vina kanuni zao. Kwa hiyo nachukua likizo, natumia barua pepe yangu binafsi, na nauli hailipwi na ruzuku. Kumweleza mbunge matokeo ya utafiti ni elimu. Kumwomba aunge mkono mswada fulani ni ushawishi. Vyote viwili ni halali kwa raia anayejisemea kwa muda wake na kwa fedha yake. Ninayemsikitikia ni mhadhiri anayenyamaza kabisa kwa hofu ya kanuni ambayo hajaisoma.

Mwaka 2025 ulitupima. Machi, Wizara ya Elimu ilitangaza kupunguza karibu nusu ya wafanyakazi wake. Bajeti iliyopendekezwa kwa mwaka 2026 ilitaka mafungu ya Sehemu D yaunganishwe na fedha za majimbo, na kwa kuwa majimbo yana madeni ya kila siku, kuandaa mhadhiri wa miaka kumi ijayo kungekuwa jambo la mwisho kukumbukwa. Oktoba, serikali ikiwa imefungwa kwa kuwa Bunge halikupitisha bajeti kwa wakati, notisi za kuachishwa kazi ziliwafikia watumishi wengi wa ofisi inayosimamia elimu maalumu. Mahakama ikazisimamisha, na sheria iliyoifungua serikali mwezi Novemba ikazibatilisha. Katika miezi hiyo uhusiano uliojengwa miaka ya nyuma ndio uliofanya kazi. Msaidizi anayekujua anapokea simu yako, na wakati mwingine anakupigia yeye kuuliza hatua hii itawagusa nani jimboni.

Nina neno kwa wazazi Waswahili walioko Marekani, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Kongo. IDEA inaitaka shule ikupatie mkalimani kwenye kikao cha mpango wa elimu wa mtoto wako, usipoelewa Kiingereza. Dai hilo. Kisha ujue kwamba mbunge anawawakilisha wakazi wote wa wilaya yake, wenye uraia na wasio nao. Ofisi yake ya karibu ina simu. Taja jina lako, msimbo wa posta, shule ya mtoto, na kama darasa lake lina mwalimu aliyesomea elimu maalumu au halina. Anayepokea simu huandika. Sisi wahadhiri tunaweza kueleza Sehemu D kwa saa nzima, lakini habari ya darasa lisilo na mwalimu inatoka kwa mama aliyeliona.