Je, wajua kwa nini turbo mpya hufa mapema kuliko ile ya zamani?

Gari lilitoa moshi wa bluu, likakosa nguvu mlimani, turbo ikabadilishwa. Haupiti muda, ule mlio wa filimbi umerudi, na mwenye gari anamlaani muuza spea. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Muuaji yumo ndani ya injini, na hakuna aliyemgusa.

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi huo wa moto unapiga pangaboi la upande mmoja. Pangaboi la upande wa pili, lililo kwenye shafti hiyohiyo, linasukuma hewa safi kwenye silinda. Mswisi Alfred Büchi aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo chuma hakitakiwi kugusa chuma: inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayoletwa kwa presha. Oili ikikatika kwa sekunde chache tu, beringi zinakwaruzika, shafti inayumba, mapanga yanaanza kula nyumba yake.

Chukua injini ya dizeli ya Toyota 1KD, iliyojaa kwenye Hilux na Prado za huku. Zile washa (pete bapa) za shaba chini ya nozeli zinazopulizia dizeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuifanya tope. Tope linaziba chujio lililomo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na turbo ndiyo hushikwa na njaa mapema. Kufunga turbo mpya bila kushusha sampu na kukagua washa ni kutupa hela.

Kazi yenyewe nyumbani inawezekana, ukiwa na spana nzuri na subira ya kung'oa nati zilizoshika kutu. Kile kibomba chembamba cha oili kinunue kipya. Usipake gundi ya silikoni kwenye gasketi zake. Ikimeguka, inaziba tundu. Hakikisha bomba la kurudishia oili liko wazi, maana likiziba, oili hupenya kwenye sili na gari linafuka hata kama turbo ni nzima. Safisha na intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, humo hubaki vipande vya ile iliyokufa.

Kuijenga upya turbo iliyokufa kwa kununua beringi na sili tu sikushauri. Kufungua ni rahisi, ila shafti inahitaji balansi ya mashine maalumu ambayo hata gereji nyingi hazina. Nunua katriji, yaani kiini cha turbo chenye shafti na mapanga yake, iliyokwisha kufanyiwa balansi.

Mwisho, weka oili na filta mpya, mimina oili kidogo kwenye tundu la turbo, izungushe kwa kidole. Kata mafuta ili injini isiwake, piga starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, na uiache injini ingurume taratibu dakika chache bila kukanyaga mafuta.